Koili, joto na transista inayokufa saa saba mchana

Bodi yenye transista (swichi ya umeme ya silikoni) iliyoungua ikifika kwa fundi, swali la kwanza huwa ni moja: ilikuwa ya ampea ngapi? Inatafutwa yenye ampea nyingi zaidi, inalehemiwa, mteja analipa na kuondoka. Nimepokea bodi zilizopita kwenye mikono kadhaa, kila mkono ukiongeza ukubwa, mpaka unakuta transista inayoweza kubeba ampea 49 ikiendesha mzigo usiofika ampea 2. Na bado inaungua. Nataka leo nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu wanaolipia ni wakulima, madereva na watu wa mashine za kutotolesha vifaranga, na wanalipia mara kwa mara kitu ambacho kingetengenezwa mara moja kikaisha.

Nitaanza na bodi moja iliyotoka shamba la nyanya na hoho upande wa Usa River. Ilikuwa inaendesha valvu nne za umwagiliaji wa matone kwenye kitalu nyumba, kila valvu na koili yake (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku) ya volti 12, umeme ukitoka kwenye betri ya sola. Mama mwenye shamba aliileta mwenyewe dukani, hapa Ngarenaro, Arusha.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba fundi. Hii kitu inanitesa. Asubuhi inafanya kazi vizuri kabisa. Ikifika saa saba, saa nane, valvu inabaki wazi, maji yanamwagika mpaka tanki linaisha.”

Valvu kubaki wazi ilikuwa dalili tosha. Mosfeti, aina ya transista iliyokuwa kwenye bodi hiyo, ikifa, mara nyingi haikatiki bali inashoti, kwa hiyo mzigo unabaki umewaka hata ukizima programu. Lakini nililoshika zaidi ni saa. Nikamuuliza, na siku za mawingu? Akasema siku za mawingu haina shida. Hapo nikajua siwindi volti peke yake. Nawinda volti na joto vinavyosaidiana.

Nilipopima, koili ya valvu ilikuwa na omu 8 na takriban milihenri 100. Transista zilikuwa IRFZ44N, zimesimama wima kwenye bodi bila hitisinki, yaani bamba la chuma la kuondoa joto. Aliyeitengeneza alikuwa na wazo zuri: valvu inahitaji nguvu nyingi wakati wa kufunguka, ila ikishafunguka inahitaji nguvu kidogo tu kuishikilia. Kwa hiyo programu ilikuwa inawasha umeme kamili kwa muda mfupi, kisha inaukatakata mara 50 kwa sekunde, nusu umewaka na nusu umezimwa, ili kuokoa betri. Wazo hilo sina ugomvi nalo. Kilichokosekana ni dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya kurudishia mkondo sambamba na koili. Maelezo yaliyomfikia mama ni kwamba haihitajiki, kwa sababu “mosfeti ina dayodi yake ndani”.

Kauli hii naisikia kila kona, na imeua transista nyingi kuliko radi. Ni kweli mosfeti ina dayodi ndani. Lakini dayodi hiyo iko kati ya soosi na dreni, miguu miwili ambayo mkondo hupitia kwenye transista yenyewe, haiko sambamba na koili. Mkondo ukishaanza kupita kwenye koili haukubali kusimama ghafla, kama mkokoteni uliojaa viazi ukiwa kwenye mteremko. Transista inapojifunga, koili inapandisha volti upande wa dreni mpaka mkondo upate pa kupita. Ile dayodi ya ndani imetazama kinyume na upande huo. Njia pekee inayobaki ni volti ipande kuvuka kiwango cha transista, ambacho kwa IRFZ44N ni volti 55, na mkondo wote upite ndani ya silikoni ya transista iliyojifunga.

Mosfeti za kisasa zimetengenezwa zivumilie hali hiyo, na ndiyo maana fundi anadanganyika. Haifi papo hapo. Inakaa na volti hamsini na zaidi juu yake huku mkondo unapita, inameza nishati yote ya koili, inapoa kidogo, inarudia tena. Nishati hiyo inageuka kuwa joto kila mara.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabaki kubishana. Koili ya milihenri 100 na omu 8 inachukua milisekunde 12.5 kufika kama theluthi mbili ya mkondo wake kamili, ambao ni ampea 1.5. Umeme ukiwaka kwa milisekunde 10 tu, mkondo unafika takriban ampea 0.83. Nishati iliyohifadhiwa ni nusu ya henri mara mkondo mara mkondo, yaani kama juli 0.034. Transista inameza zaidi ya hiyo, kwa sababu mkondo unapokuwa unashuka, betri nayo bado inasukuma. Inakuja kama juli 0.04 kila ikizimwa. Zidisha kwa mara 50 kwa sekunde: wati 2.

Wati 2 zinaonekana ndogo. Lakini transista ya umbo hili bila hitisinki inapanda takriban nyuzi 62 kwa kila wati. Kwa hiyo kiini chake, silikoni iliyo ndani, kinakaa nyuzi 124 juu ya joto la hewa inayoizunguka. Asubuhi hewa ndani ya sanduku ikiwa nyuzi 20, kiini kiko 144. Kiko moto, lakini kinaishi, kwa sababu kikomo cha IRFZ44N ni nyuzi 175. Mchana nilipeleka mita yenye waya wa kupimia joto mpaka shambani, nikauingiza ndani ya lile sanduku la plastiki nyeusi lililofungwa kwenye nguzo juani. Hewa ndani ilikuwa karibu nyuzi 60. Ongeza 124, umevuka 180. Ndiyo saa saba ya mama. Siku ya mawingu sanduku halifiki huko, na transista inalala salama.

Sasa fikiria aliyebadilisha akaweka transista ya ampea nyingi zaidi ya umbo lile lile. Nishati ya koili haijapungua hata kidogo, na umbo la nje linapoteza joto vile vile. Namba ya ampea haikuwa na kazi yoyote hapa.

Watu husema Arusha ni baridi, hitisinki ni za Dar. Siyo hivyo. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Koti tunavaa Julai, sawa, lakini sanduku lililofungwa juani halijui kwamba tuko mlimani.

Kwa asiye na osiloskopu, chombo kinachochora volti kwenye skrini, kuna namna ya kuiona volti hii kwa mita ya kawaida. Chukua dayodi ya UF4007 na kapasita ya nanofaradi 100 ya volti 630. Anodi ya dayodi iguse dreni, kathodi iende kwenye kapasita, upande wa pili wa kapasita uende kwenye soosi. Mita ya dijitali iweke kwenye volti za DC sambamba na kapasita. Kapasita inajaa mpaka kilele cha volti, na kwa kuwa mita nzuri ina megaomu 10, haiwahi kushuka sana kabla ya kilele kingine kuja. Kwenye bodi ya mama, mita ilisoma zaidi ya volti 60 kwenye mfumo wa volti 12. Nilipogusisha dayodi sambamba na koili, namba ilianguka mara moja ikakaa juu kidogo tu ya volti ya betri. Kijana anayejifunza kazi kwangu alikuwa ameinama juu ya meza. Hakuhitaji maelezo mengine.

Kulikuwa na jambo jingine pale mezani ambalo ningependa kila anayetengeneza vidhibiti vya umwagiliaji alijue. Kabla ya dayodi, valvu ilikuwa inanguruma ikiwa imeshikiliwa. Baada ya dayodi ikatulia. Sababu ni kwamba bila dayodi, mkondo wa koili unaanguka mpaka sifuri kila mzunguko, wastani wake unakuwa kama robo ya ampea. Ukiweka dayodi, mkondo unaendelea kuzunguka kati ya koili na dayodi wakati transista imepumzika, wastani unapanda kukaribia ampea 0.7 kwa muda ule ule wa kuwasha. Nishati iliyokuwa inaunguza transista sasa inashikilia valvu. Tulipunguza muda wa kuwasha kutoka nusu hadi theluthi moja na valvu bado ilishika imara. Dayodi nne za 1N4007, na joto la transista likashuka chini ya sehemu ya kumi ya wati.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ile tabia ya joto kujilisha lenyewe, na hapa transista za aina tofauti hazifanani.

Transista ya kawaida ya beis na emita, kama 2N3055, ikipata joto, volti inayohitajika kwenye beis, mguu unaoiamuru, inapungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi. Mkondo unaovuja ikiwa imezimwa unaongezeka, takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Na ukuzaji wake unapanda. Mambo yote matatu yanasukuma upande mmoja: joto linaleta mkondo, mkondo unaleta joto. Mafundi wa zamani waliotengeneza inveta kwa kufunga 2N3055 kadhaa sambamba kwenye transfoma wanaijua hali hii kwa vidole: unagusa safu, moja inachoma na wenzake wako vuguvugu. Ile iliyoanza kupata joto zaidi kidogo kuliko wenzake inajivutia mkondo wote. Dawa yake ni ya miaka mingi na inafanya kazi: kila emita ipewe rezista yake ndogo, tuseme omu 0.22. Mkondo wa ampea 5 ukipita hapo unaangusha volti 1.1, na volti hiyo inainyima beis ya transista inayotaka kukimbia. Nikifungua inveta nikakuta rezista hizo zimerukwa kwa waya “ili isipoteze nguvu”, nazirudisha kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Mbaya zaidi ni pale jambo hilo hilo linapotokea ndani ya transista moja. Silikoni haipati joto sawasawa kila sehemu. Wakati wa kuzima koili, transista ya aina hii inakuwa na volti kubwa na mkondo mkubwa kwa wakati mmoja, na mkondo unaweza kujikusanya kwenye doa dogo. Doa linayeyuka kwa muda mfupi mno, huku mgongo wa transista ukiwa bado baridi. Ndiyo maana kugusa kwa kidole si kipimo. Ukifungua karatasi ya data utakuta grafu ya eneo salama la kazi, yenye volti upande mmoja na mkondo upande mwingine. Angalia mstari unapoinama kwa kasi kwenye volti kubwa: hapo wati peke yake hazitoshi kukuambia kama uko salama.

Mosfeti inasifiwa kwamba haina ugonjwa huu, na sifa hiyo ni ya kweli ikiwa imefunguka kabisa. Upinzani wake unapanda na joto, karibu mara mbili kufikia kikomo chake, kwa hiyo ukizifunga sambamba ile yenye joto inapokea mkondo mdogo. Lakini ikiwa nusu wazi, mambo yanageuka. Volti ya geti, mguu unaoiamuru mosfeti, inayohitajika kuifungua inashuka na joto, milivolti kadhaa kwa kila nyuzi, na kwenye mikondo midogo nguvu hiyo ndiyo inayoshinda. Sehemu yenye joto inafunguka zaidi, inavuta mkondo zaidi. Wataalamu wanaliita jambo hili kwa jina la Paolo Spirito, profesa wa Napoli nchini Italia, na NASA nayo ilitoa ripoti kuhusu tatizo hili mwaka 2010. Mosfeti za kisasa zilizotengenezwa kwa ajili ya kuwasha na kuzima haraka ndizo zinazoumia zaidi zikiachwa nusu wazi.

Huku kwetu nusu wazi inakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuendesha IRFZ44N kwa volti 3.3 za kidhibiti kidogo, ile chipu inayobeba programu. Transista hiyo inaanza kufunguka popote kati ya volti 2 na 4, kwa hiyo moja itafanya kazi na nyingine ya boksi lile lile itachemka. Tumia IRLZ44N, iliyotengenezwa kwa geti ya volti ndogo, na ukiweza ipe volti 5 kamili. Ya pili niliikuta kwenye gari la watalii. Mtu alikuwa ameweka kinobu cha kupunguza mwendo wa feni ya friji kwa kulisha geti volti ya kati kutoka kwenye rezista ya kuzungusha. Dereva alinieleza kwamba feni huongeza mwendo yenyewe gari likisimama juani. Maelezo hayo yanaonyesha ugonjwa wenyewe ukitembea: transista inapata joto, inafunguka zaidi, feni inakimbia, na kinobu hakijaguswa.

Kuna kanuni moja ya kusaidia hapo, kwa mzigo wa upinzani wa kawaida. Ikiwa volti iliyobaki juu ya transista ni zaidi ya nusu ya volti ya betri, mkondo ukiongezeka wati za transista nazo zinaongezeka, na joto linajilisha. Ikiwa ni chini ya nusu, mkondo ukiongezeka wati zinapungua, na hali inajituliza. Kwenye ile feni tuling'oa kinobu tukaweka saketi ya kukatakata umeme, na dayodi sambamba na mota. Transista ikawa ama imefunguka kabisa ama imefungwa kabisa.

Kuhusu dayodi yenyewe, 1N4007 inatosha kwa rilei, valvu na kukatakata polepole kama mara 50 kwa sekunde. Ukikatakata mara elfu 20 kwa sekunde, usiitumie. Inachelewa kujifunga, na kila transista inapowaka kunakuwa na muda mfupi ambao umeme unapita moja kwa moja kutoka betri kupitia dayodi hadi kwenye transista. Transista inachemka na wewe unatafuta kosa kwenye geti. Weka UF4007, au 1N5822 ya aina ya Schottky kwa mifumo ya volti 12.

Dayodi pia inachelewesha koili kuachia. Kwa valvu ya maji haina neno. Kwa rilei inayokata mzigo mzito ina neno, kwa sababu kontakti zinaachana polepole na kuungua. Hapo weka dayodi ya zena ya volti 24 mfululizo na dayodi ya kawaida, koili itamaliza nishati yake haraka zaidi, na volti kwenye transista ya volti 55 bado itabaki chini ya kikomo.

Shambani waya kutoka kwenye bodi hadi valvu ni mrefu, na waya mrefu nao una tabia ya koili. Dayodi naiweka karibu na valvu, kisha kwenye bodi, kati ya dreni na soosi, naongeza P6KE33A, dayodi ya kuzuia volti kupanda kupita kiasi. Hiyo hairuhusu volti ivuke takriban 46, hata waya wa dayodi ukikatwa na jembe. Geti inapata rezista ya kiloomu 10 kwenda kwenye soosi ili isielee kidhibiti kinapowaka. Na kwenye hitisinki nabandika swichi ndogo ya joto ya nyuzi 70 inayokata umeme wa geti. Fyuzi ibaki kwa ajili ya kulinda waya, maana transista hufa kabla fyuzi haijajua kuna nini. Ukipata zile transista zinazotumika kwenye magari, zenye ulinzi ndani, kama VNP10N07, zinajizima zenyewe zikizidiwa na joto. Ni nzuri, ila ukiona inazima na kuwaka yenyewe mara kwa mara, tafuta chanzo, usiiache hivyo.

Anayeleta bodi kwangu namwomba aje na koili pia, au valvu, au mota yenyewe. Naipima omu zake ikiwa baridi, naiwasha nusu saa, napima tena. Shaba inaongeza upinzani kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo koili ya omu 8 ikichemka kufikia nyuzi 100 inasoma karibu omu 10 na nusu. Ikisoma pungufu ya ilivyokuwa baridi, ndani yake kuna mizunguko iliyoshotiana, na hakuna transista nitakayoilehemu hapo kabla koili haijabadilishwa.